Barua ya wazi kwa viongozi wa afya Nyanda za Juu Kusini: watoto wenye vichwa vikubwa wasisubirishwe kambi

Kwa waheshimiwa viongozi mnaosimamia hospitali na huduma za afya katika mikoa ya Mbeya, Songwe, Rukwa, Katavi, Njombe, Iringa na Ruvuma,

Shikamooni kwa mnaostahili shikamoo, na salamu za heshima kwenu nyote.

YAH: OMBI LA UPASUAJI WA UBONGO WA TUNDU DOGO KWA WATOTO WENYE VICHWA VIKUBWA, UTOLEWE MWAKA MZIMA HUKU KWETU

Mimi ni mkazi wa Uyole, Mbeya, na ni mama wa binti aliyezaliwa na ugonjwa wa kichwa kikubwa. Naandika kwa niaba yangu na ya wazazi wenzangu tuliofahamiana wodini, kwenye mabenchi ya kliniki na ndani ya mabasi ya Dar es Salaam. Kabla ya kufika hapa tulifuata utaratibu. Tuliandika kwenye sanduku la maoni, tukapeleka barua kwa uongozi wa hospitali iliyokuwa ikituhudumia, tukapitia kwa diwani. Tulichopata ni muhuri wa kupokelewa na ahadi kwamba suala linafanyiwa kazi. Hospitali hiyo siitaji, kwa sababu niliyoyakuta pale wenzangu wameyakuta kwingine, na nikiitaja mtaona ni ugomvi wa mzazi mmoja na wodi moja. Tunasema hadharani sasa kwa kuwa watoto wanakua, na vichwa vyao vinakua haraka kuliko wao.

Kwa wale miongoni mwenu ambao si matabibu, naomba nieleze kidogo. Ndani ya ubongo wa kila mtu mna vyumba vinne vyenye maji masafi. Maji hayo hutengenezwa usiku na mchana, kwa mtu mzima kama nusu lita kwa siku. Hupita kwenye vijia vyembamba, huuzunguka ubongo na uti wa mgongo, kisha hurudi kwenye damu. Kijia kikiziba, maji yanaendelea kutengenezwa vilevile. Yanajaa, yanaukandamiza ubongo, na kwa kuwa mifupa ya kichwa cha mtoto mchanga haijaungana, kichwa kinapanuka. Wapo watoto waliozaliwa na njia ya maji isiyokamilika. Wapo wenye mgongo wazi, maana magonjwa haya mawili mara nyingi hufuatana. Wapo njiti waliovujia damu ndani ya ubongo. Na wengi sana katika Afrika Mashariki hupata baada ya maambukizi ya siku za mwanzo za maisha: mtoto anashikwa na homa kali na degedege, anatibiwa, anapona, halafu baada ya wiki kadhaa kofia yake haimwingii tena. Mbale, nchini Uganda, madaktari walipowachunguza watoto waliowatibu miaka ya mwanzo walikuta kama sita kati ya kila kumi wameupata ugonjwa huu kwa njia hiyo ya maambukizi. Hakuna aliyerogwa hapo, na hakuna mama aliyeyataka.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Tiba imefanywa kuwa ya msimu

Tunawashukuru kwa dhati madaktari bingwa wanaokuja mikoani kwa kambi. Kuna watoto wanaotembea leo kwa sababu yao, na wazazi hatusahau. Lakini kambi inakuja na inaondoka. Mtoto anayezaliwa Chunya wiki moja baada ya kambi kufungwa anaambiwa asubiri nyingine, au aende Dar es Salaam. Kutoka Mbeya mjini hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara, na mama wa Ileje, wa Kyela au wa Sumbawanga hapo bado hajahesabiwa njia ya kufika Mbeya. Anapanda basi na mtoto ambaye kichwa chake hakibebeki kwa mkono mmoja. Anateremka kona za Kitonga amemlaza mapajani, amezuia kile kichwa kisigonge kiti. Anafika mji asiomjua mtu. Nauli ni ya watu wawili, kwa sababu mzigo huu haubebwi na mtu peke yake, na nyuma ameacha viazi shambani na watoto wengine kwa jirani. Wapo wanaorudi nyumbani na barua ya rufaa kwenye mkoba na wasisafiri kamwe. Mimi siwezi kuwalaumu.

Wakati huo maji yanaendelea kukandamiza. Mtoto akiwahi, ubongo wake hupata nafuu kubwa. Akichelewa, macho yanaanza kutazama chini muda wote, shingo inashindwa, uoni unapotea, na sehemu kubwa ya kilichokwisha kuharibika hairudi hata kwa daktari hodari kuliko wote.

2. Tunapewa mpira peke yake, kisha tunarudishwa mbali na wanaojua kuuzibua

Hili ndilo linaloniuma zaidi, na ndilo ninaloomba mlisome kwa utulivu.

Tiba ambayo watoto wetu wengi hupata ni kuwekewa mpira, au shanti kama wanavyosema wauguzi. Mrija mwembamba unaingizwa kwenye chumba cha maji kichwani, unapitishwa chini ya ngozi nyuma ya sikio, shingoni na kifuani, hadi tumboni, na maji ya ziada yanamwagikia huko. Tiba hii ilianza kuenea tangu miaka ya 1950 na imeokoa watoto wasiohesabika duniani. Binti yangu anaishi kwa sababu ya mpira, kwa hiyo siudharau.

Ila mpira huziba, na wakati mwingine huingia wadudu. Hata katika nchi zenye hospitali kila mji, kama mipira minne kati ya kumi wanayowekewa watoto hupata hitilafu ndani ya mwaka wa kwanza, na ikifika miaka miwili inakaribia nusu. Mtoto wa kule hospitali iko jirani na daktari wa ubongo yumo zamu. Wa kwetu yuko Makete, mvua za masika zimeshika, na gari ni moja linaloondoka alfajiri.

Mpira ukiziba, mtoto anatapika, analala kupita kiasi, analia ukimgusa kichwa, wakati mwingine anapata degedege. Mpira ukiingia wadudu, na homa inaongezeka. Kwenye zahanati nyingi dalili hizo zinasomeka kama malaria, au tumbo. Mama mmoja tuliyelazwa naye alitumwa nyumbani na dawa ya malaria, akarudi, akapewa dripu, akarudi tena. Alipofika kwa mtu aliyeugusa ule mpira nyuma ya sikio na kuelewa, mwanawe alikuwa hamtambui tena. Mtoto huyo alifariki. Mama yake ameniruhusu nilisimulie bila jina, na ameniomba nisilifupishe zaidi ya hapa.

Sasa ipo njia ya pili. Daktari anatoboa tundu dogo kwenye fuvu, na kwa mtoto mchanga anaweza kupita pembeni mwa utosi ambako mfupa haujafunga. Anaingiza kamera nyembamba ya milimita chache hadi kwenye chumba cha tatu cha ubongo, na pale sakafuni, kwenye utando mwembamba, anafungua kitundu ili maji yapate njia mpya ya kutoka. Ni kama mkulima wa mpunga kule Mbarali anayeukuta mfereji umeziba, akafungua tuta upande wa pili maji yakatembea. Fuvu halifunguliwi, na mara nyingi kazi yenyewe haifiki hata saa moja. Hakuna mpira unaoachwa mwilini. Kwa watoto wachanga madaktari wanaweza pia kuchoma sehemu ya tishu inayotengeneza maji hayo, ili yapungue.

Kuunganisha kufungua kitundu na kuchoma tishu hiyo kwa watoto wachanga hakukuanzia Ulaya. Kulikuzwa Mbale, mashariki mwa Uganda, katika hospitali ya watoto ya CURE iliyofunguliwa 2001, na daktari Mmarekani Benjamin Warf pamoja na Waganda aliofanya nao kazi. Sababu iliyowasukuma ni hii hii ninayoilalamikia. Waliona mtoto mwenye mpira anarudi kijijini, mpira unaziba, na barabara inamuua kabla ugonjwa haujamuua. Wakatafuta tiba inayomfungua mtoto na utegemezi huo.

Nitakuwa mkweli kwenu, kwa sababu mna wataalamu watakaonisahihisha. Upasuaji huu haumfai kila mtoto. Umri na chanzo cha ugonjwa vinaamua mengi, na aliyeugua kwa maambukizi ana bahati ndogo kuliko ambaye kijia chake kiliziba tangu tumboni. Kile kitundu kinaweza kufunga, mara nyingi ndani ya miezi sita ya kwanza, na mtoto akahitaji mpira hatimaye. Mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika Uganda kwa watoto 100 walioupata ugonjwa baada ya maambukizi, wote chini ya miezi sita: kundi moja liliwekewa mpira, jingine likafanyiwa upasuaji wa kamera. Baada ya mwaka mmoja makundi hayo hayakutofautiana kwa kiasi cha kutosha kusema lipi lilimkuza mtoto akili zaidi.

Basi kama matokeo yanakaribiana, swali linabaki moja. Mtoto huyu ataishi wapi baada ya kuruhusiwa? Kama ataishi dakika ishirini kutoka kwa daktari wa ubongo, mpira hauna tatizo kubwa. Kama ataishi Mbozi ndani, au Ludewa, au mwambao wa Ziwa Rukwa, nataka angalau mtu amwangalie na kusema huyu anafaa kamera, au hafai. Sisi tunapelekwa moja kwa moja kwenye mpira bila swali hilo kuulizwa, kwa kuwa njia ya pili haipo mezani.

3. Kifaa kinakuja, kisha kinanyamaza

Tumeambiwa mara taa ya kamera imeungua, mara aliyefundishwa kuitumia amehamishwa, mara dawa maalumu ya kuisafishia imekwisha. Sisi si mafundi, lakini tunaelewa kwamba kamera ya kuingia kwenye ubongo wa mtoto wa miezi miwili haioshwi kama sufuria na haitumiwi na mtu aliyeiona kwenye semina ya siku moja. Chini ya ule utando unaotobolewa kuna mshipa mkubwa wa damu. Daktari anahitaji mazoezi ya kila mara, muuguzi wa chumba cha upasuaji anahitaji kuijua kamera hiyo kama kidole chake, na mtaalamu wa usingizi anahitaji uzoefu wa watoto wachanga. Ukimhamisha mmoja wao bila kuandaa mrithi, umeifunga huduma nzima, hata kama kwenye taarifa ya robo mwaka kifaa kinaonekana kipo.

4. Vichwa havipimwi

Mtoto anapelekwa kliniki kila mwezi, anapimwa uzito, anachomwa sindano, anarudi. Futi kamba ya fundi cherehani ingetosha kumwokoa. Mtoto anazaliwa na mzunguko wa kichwa wa takribani sentimita 35. Miezi mitatu ya kwanza kichwa huongezeka kama sentimita 2 kwa mwezi, mitatu inayofuata kama sentimita 1 kwa mwezi, kisha nusu sentimita kwa mwezi hadi atimize mwaka. Kikizidi hapo kwa kasi, muuguzi ana sababu ya kumtuma kwenye utrasaundi, ambayo kwa mtoto mwenye utosi wazi inaona vyumba vya maji bila CT-Scan na bila mionzi. Wenzangu wengi waliambiwa "mtoto ana afya, kichwa ni cha ukoo." Waliamini, nani asiyetaka kuamini maneno hayo?

5. Msamaha wa walio chini ya miaka mitano hauwafikii

Sera ya afya inasema mtoto wa chini ya miaka mitano atibiwe bila malipo kwenye vituo vya umma. Watoto wetu karibu wote wako kwenye umri huo. Hata hivyo tunaandikiwa karatasi tukanunue mpira nje, tukalipie CT-Scan, kisha tuzunguke ofisi ya ustawi wa jamii tukiwa na mtoto anayetapika begani. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imeshapitishwa tangu 2023. Tunaomba ugonjwa huu usiachwe nje ya kitita kwa maelezo kwamba ni upasuaji mkubwa.

6. Kinga

Hili ni fupi. Mgongo wazi, unaoleta vichwa vikubwa vingi, unapungua mama akipata asidi ya foliki mikrogramu 400 kwa siku kabla hajashika mimba. Akianza kliniki mimba ikiwa na miezi minne, uti wa mtoto umeshajifunga au umeshashindwa kujifunga zamani. Ndiyo maana vitamini hiyo inawekwa kwenye unga, na Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzihimiza nchi kuongeza virutubishi kwenye vyakula. Nchini kwetu inawekwa kwenye unga wa viwanda vikubwa. Lakini sisi tunaolima mahindi yanayolisha nchi tunasagisha mtaani, kwenye mashine ya jirani, na unga huo hauna kilichoongezwa. Mikoa inayoitwa ghala la chakula inakula unga usiokingwa.

Najua majibu mtakayonipa, kwa sababu nimeshapewa.

Mtasema hakuna fedha. Wekeni basi hesabu yote mezani: kumpasua tena na tena mtoto ambaye mpira wake umeziba, siku za kulazwa, gari la wagonjwa hadi Dar es Salaam, na mama ambaye halimi msimu mzima. Kamera moja inatibu watoto wengi kwa miaka. Madaktari wa Hispania walioshirikiana na wenzao wa Afrika Mashariki walikuwa wakiibeba kamera inayohamishika kutoka hospitali moja hadi nyingine, wakifundisha papo kwa papo, na Unguja, pale hospitali ya Mnazi Mmoja, jengo la upasuaji wa ubongo lilifunguliwa 2014 kutokana na ushirikiano huo.

Mtasema mabingwa ni wachache. Ni kweli, na hawawezi kutengenezwa kwa mwezi mmoja. Lakini upasuaji huu wa kamera umeshafanyika MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, Dar es Salaam, na hospitali ya Bugando kule Mwanza. Kanda ya Ziwa iko mbali na Dar es Salaam kama sisi, na haikuambiwa ingoje. Walimu wapo ndani ya nchi, lugha ni moja, na daktari kijana wa Mbeya anaweza kukaa nao mpaka mkono wake ukakubali.

Mtasema wagonjwa ni wachache mno kuhalalisha huduma. Hao mnaowahesabu ni waliofika. Mwiteni mtoa huduma wa ngazi ya jamii wa kata yoyote ya Rungwe, mwambieni awatajie watoto waliofichwa ndani kwa sababu ya vichwa vyao.

Na mtasema wazazi wanachelewa, wanaanzia kwa waganga. Wapo. Mzazi ambaye amefika hospitali akaambiwa arudi kambi ikija, akipita kwa mganga njiani msimshangae. Mganga yupo kila siku ya wiki.

Tunachoomba ni hiki. Teueni hospitali moja ya umma katika kanda hii iwe na timu ya kudumu ya upasuaji wa ubongo wa watoto, yenye madaktari wawili au zaidi wanaoweza mpira na kamera pia, wauguzi wao na mtaalamu wa usingizi, na asihamishwe mtu kabla aliyefundishwa kushika nafasi yake hajaanza kazi. Kamera inunuliwe pamoja na mkataba wa matengenezo na vifaa vya kuisafishia, na iwepo ya akiba. Kila mtoto mwenye mpira apewe kadi inayosema wazi kwamba akitapika na kusinzia asianze upya foleni ya zahanati, apelekwe moja kwa moja, na zahanati zote ziwe na karatasi ya ukutani yenye dalili hizo kwa Kiswahili. Mzunguko wa kichwa upimwe na kuandikwa kwenye kadi ya kliniki kila hudhurio. Mipira na vipimo viingie kwenye msamaha kama sera inavyosema. Kila miezi mitatu tangazeni watoto wangapi wamepokelewa, wangapi wamepasuliwa na kwa njia ipi, na wamesubiri siku ngapi tangu siku ya rufaa. Na katika kamati itakayopanga haya, wekeni wazazi wawili. Tuko tayari kuja kwa nauli zetu.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 60, lenye tarehe na jina la ofisi itakayowajibika kwa kila ombi. Kama lipo lisilowezekana mwaka huu, liandikeni hivyo na sababu yake, tutalisoma kwa heshima ile ile tuliyoandika nayo.

Naomba kuwasilisha.

Mama wa mtoto mwenye kichwa kikubwa,
Uyole, Mbeya,
kwa niaba ya wazazi wenzangu.

Nakala:
Wabunge na madiwani wa mikoa iliyotajwa
Viongozi wa dini wanaotutembelea wodini
Wazazi wote wenye watoto wanaosubiri